Si Kila cha Kale ni cha Mjerumani

Upo uongo mmoja uliokwisha kuota mizizi katika nchi yetu, na huku Kilimanjaro umestawi kama mgomba penye samadi. Uongo wenyewe ni kwamba kila chombo cha kale chenye kung'aa kiliachwa na Mjerumani, na kila kilichoachwa na Mjerumani kina dhahabu ndani yake. Kwa ajili ya uongo huu watu wazima wamechimba mashimo usiku kando ya majengo ya zamani, wakarudi nyumbani na matope tu. Siku hizi zamu imezifikia mashine za kunyolea ndevu, zile za baba na babu zetu zenye mpini, bamba na kifuniko, ambazo kati yake uliwekwa wembe wenye makali pande mbili. Zinatembezwa kutoka mjini Moshi hadi vihambani, zikinadiwa kuwa ni dhahabu ya maofisa wa Kijerumani.

Mimi nasema matapeli hawa hawatushindi kwa ujanja. Wanatushinda kwa sababu tumejifunza kusoma vitabu tusijifunze kusoma vitu.

Tuanze na tarehe, maana tarehe haina upendeleo. Mmarekani King C. Gillette alipewa hataza ya mashine hiyo tarehe 15 Novemba 1904. Mwaka uliotangulia kampuni yake ilikuwa imeuza mashine 51 tu na nyembe 168. Majeshi ya Waingereza yaliingia Moshi mwezi Machi 1916. Kwa hiyo ofisa wa Kijerumani aliyetaka kunyolea hapa kwa mashine ya namna hii alikuwa na miaka kama kumi na miwili ya kuipata. Sisemi haikuwezekana. Nasema anayedai jambo hilo alete ushahidi, na ushahidi huwa umechorwa kwenye chombo chenyewe.

Nyingi ya zile nilizoletewa ni za aina iitwayo Tech, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1930, tena zimeandikwa "Made in England". Nyingine hufunguka kwa kuzungusha kitasa kilicho mwisho wa mpini, kifuniko kikagawanyika mara mbili kama mlango wa mabawa. Kampuni ya Gillette ilianza kuuza za namna hiyo mwaka 1934. Nieleze basi, ndugu msomaji, ni Mjerumani gani aliyeondoka Moshi mwaka 1916 akaacha nyuma yake chombo ambacho kilikuwa hakijabuniwa?

Katika mashine nyingi za Gillette zilizotengenezwa Marekani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, utakuta herufi moja na tarakimu moja upande wa chini wa kichwa. Herufi ni ya mwaka na tarakimu ni ya robo ya mwaka. Yenye E na 2 ni ya robo ya pili ya mwaka 1959. Hata neno "Solingen", ambalo wachuuzi hulionyesha kwa kidole kama hati ya mahakama, ni jina tu la mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na nyembe, na mji huo unatengeneza vitu hivyo mpaka leo.

Wala hatuhitaji Mjerumani ili kueleza jinsi vyombo hivi vilivyoweza kufika mlimani. Wakulima wetu walianzisha chama chao cha kahawa mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933; fedha ya kahawa iliingia katika maduka ya Moshi. Wako pia askari wa KAR waliopigana Burma wakarudi makwao baada ya mwaka 1945. Babu aliyenunua mashine kwa jasho la kahawa yake ana heshima kubwa kuliko ofisa wa kubuniwa.

Sasa tuje kwenye sumaku. Mchuuzi huitoa mfukoni, akaisogeza kwenye mpini, kisha akasema, "Unaona, mzee? Haivuti. Hii ni dhahabu." Hiyo ni sawa na kusema mbuzi hali nyama, na mnyama huyu hali nyama, kwa hiyo ni mbuzi. Sungura naye hali nyama! Shaba njano haivutwi na sumaku, zinki haivutwi, alumini haivutwi. Sumaku yaweza kukuambia kwamba kitu si chuma cha kawaida, basi.

Anayetaka kujua atazame palipochakaa: kwenye ukingo wa kifuniko, kwenye nyuzi za skrubu, na pale kidole gumba kilipokaa miaka na miaka. Mashine nyingi nzuri za zamani ni shaba njano iliyovikwa tabaka jembamba la nikeli, fedha au dhahabu. Tabaka likilika, umanjano huonekana chini yake, na penye unyevu hutokea kutu ya kijani. Zile za mchanganyiko wa zinki ni tofauti. Chini ya nikeli mara nyingi huonekana wekundu kidogo wa shaba, kisha rangi ya kijivu, na zikioza hutoa unga mweupe na vishimo. Alumini huijua mara uishikapo kwa wepesi wake. Mpini mweusi au wa kahawia wa bakelaiti, ukiusugua kwa dole gumba mpaka upate moto, hutoa harufu kali kama ya dawa ya hospitali. Mambo yote haya hayahitaji tindikali wala tupa. Na ninakuomba usisugue chombo cha namna hiyo kwa majivu au msasa, maana dhahabu ya kuchovya huondoka, na historia yake nayo huondoka.

Haya si mambo ya mzaha. Nawafahamu ndugu wawili, huku mlimani, ambao baada ya matanga ya baba yao waliacha kusemezana kwa sababu ya mashine moja ya rangi ya dhahabu. Dalali alikuwa amewaambia ina thamani ya ng'ombe kadhaa. Walinijia wakasema, "Mwalimu, tupimie, utakalosema tutalikubali." Mpini wake ulikuwa mzito, usio na uwazi ndani. Tuliupima kwenye mizani tukapata gramu 34. Tuliuzamisha katika kikombe kilichojaa maji pomoni, tukayakinga yaliyomwagika na kuyavuta kwa bomba la sindano: mililita 4. Gawanya 34 kwa 4, unapata 8.5, nayo ni shaba njano. Ingekuwa dhahabu safi, ambayo ni 19.3, maji yasingefika hata mililita 2. Ndugu mkubwa alikaa kimya, kisha akamwambia mdogo wake, "Chukua wewe. Wewe ndiwe uliyekuwa ukimnyoa Baba alipougua."

Wapo watakaosema kwamba mzee mstaafu amekosa kazi, na kwamba kuchunguza mashine za ndevu ni starehe ya Wazungu wanaokusanya vikale. Nawajibu hivi. Wahunzi wa Mamba, waliosifika kwa mikuki yao, walifua chuma kilichotoka Upare, wala hawakungoja Mzungu awafundishe kutofautisha chuma kizuri na kibaya. Ujuzi wa kutambua vitu ulikuwa wetu. Tumeuacha wenyewe, tukabaki kuwafundisha watoto uzito wa shaba na wa dhahabu kwa chaki, wakaziandika tarakimu daftarini na kufaulu mtihani, lakini mtoto huyo huyo akiwekewa kipande cha shaba mkononi anauliza kama ni dhahabu.

Dhahabu halisi ya Mjerumani ipo, na habari zake zimeandikwa. Mwaka 1916, mjini Tabora, alitengeneza sarafu za rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke, zenye picha ya tembo na mlima nyuma yake. Zilihesabiwa, na hazikuzidi elfu kumi na saba.

Kwa hiyo mwalimu wa sayansi aliye kazini aombe mashine moja ya kale kwa mzazi, aiweke mezani pamoja na mizani, kikombe cha maji na kioo cha kukuzia, awaache wanafunzi waisome wenyewe. Na wewe uliye nyumbani, mchuuzi akibisha hodi, mkaribishe kiti, mpe maji ya kunywa, kisha mwombe akuonyeshe maandishi yaliyo chini ya kichwa cha mashine yake. Mwenye kusema kweli atangoja uyasome.