Vipande vya Kitambaa Stoo: Mali, Amana au Israfu?



Ndugu wasomaji, siku chache zilizopita dada mmoja, fundi cherehani hapa Tunduma, alitujia katika ofisi ya msikiti akiwa na jambo la kheri. Chumba kimoja cha nyumba yake kimejaa viroba vya vipande vya vitenge, khanga na kanzu, na kila wiki vinaongezeka. Mumewe amechoka, watoto hawana pa kulala kwa nafasi. Akaomba atoe vipande hivyo sadaka, ili kina mama wa jumuiya washone mifarishi ya viraka kwa ajili ya wanafunzi wa madrasa na wazee wetu, kwani baridi ya Juni na Julai katika nyanda hizi za Songwe haina huruma.

Tulifurahi, na tukakaribia kupokea papo hapo. Kisha mzee mmoja wa kamati akauliza kwa upole: "Mwanangu, vitambaa hivi ni vya nani?" Dada akanyamaza. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ilitokana na vitambaa vya wateja: mtu ameleta pisi nzima ya kitenge, gauni limetumia sehemu yake, na kilichobaki hakikurudi.

Hapa ndipo penye somo, wala si la mafundi peke yao. Kitambaa anachokabidhiwa fundi ni amana. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, Allah (S.W.) anatuamrisha kuzirejesha amana kwa wenyewe. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Allah ni mwema, hapokei ila kilicho chema. Basi vipi tutamfunika yatima kwa mali ya mtu asiyejua kuwa ametoa?

Tulishauriana naye hivi. Kwanza, atenganishe mafungu matatu: alivyonunua mwenyewe, vya wateja anaowafahamu, na visivyojulikana mwenyewe. Vipunje ambavyo kwa ada hakuna anayevidai havina uzito. Lakini kipande kinachotosha kilemba au nguo ya mtoto, hicho kina mwenyewe. Fungu la pili alifuatilie kwa daftari na simu. Fungu la tatu, ambamo wamo wateja wa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, wasiorudi tena, alitangaze kwanza. Akikata tamaa ya kuwapata, wapo wanazuoni waliosema atoe sadaka kwa niaba yao, na mwenyewe akitokea akakataa, amlipe.

Alhamdulillah, wengi aliowapigia walimsamehe, na wengine wakaongeza vitambaa vyao. Wawili walitaka vyao, wakapewa. Sadaka ikawa safi, na chumba kikapata nafasi.

Ama vile tulivyonunua wenyewe, navyo vina hesabu. Hapa mpakani kitenge kipya hakikosekani, na ni wepesi kununua doti na pisi kwa sababu tu rangi imependeza, kisha zikalala sandukuni miaka. Suratut-Takaathur inatuonya juu ya kushughulishwa na kukithirisha. Na fundi anayeweka vitambaa kwa ajili ya kuviuza asisahau zaka: thamani yake pamoja na fedha zake ikifikia nisabu, ambayo ni gramu 85 za dhahabu, na mwaka wa Kiislamu ukapita, hutolewa asilimia 2.5.

Kiraka si aibu. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akishona nguo yake mwenyewe, na Umar (R.A.) alionekana na viraka mabegani ilhali ni Amirul-Muuminina. Mama Aisha (R.A.), pazia lake lenye picha lilipokatazwa, hakulitupa, bali alilikata akalifanya mito. Na huko Karnataka, India, kina mama wa Kisidi, watu wenye asili ya Afrika ambao baadhi yao ni Waislamu, hushona kwa mkono mifarishi ya nguo kuukuu iitwayo kawandi. Huanzia pembeni na kuzunguka hadi katikati, na kila pembe huipamba kwa vipande vilivyokunjwa wanavyoviita maua.

Kwa dada watakaoanza, fueni vipande kabla ya kuvihifadhi, na kitenge kipya kirowekwe peke yake, kisije kikatoa rangi juu ya cheupe. Pamba iwekwe mbali na nailoni na poliesta: uzi wa pamba ukichomwa huacha jivu, wa poliesta huyeyuka na kuwa donge. Msifunge vitambaa katika mifuko ya plastiki vikiwa na unyevu, na mvianike juani mara kwa mara dhidi ya nondo na ukungu. Vilivyo vidogo kuliko kiganja vijazwe ndani ya mito. Na kisizidi kiroba kimoja: kikijaa, shoneni au toeni kabla ya kuongeza.

Na kwa mafundi wetu, mteja anapochukua nguo yake, mwambieni: "Hiki ndicho kilichobaki." Neno hilo ni dogo, nalo litawapunguzia hesabu siku ambayo hakuna kipande kitakachofichika.

Wabillahi tawfiq.