Niliacha Chuo, Lakini Msinitumie Kama Ushahidi

Wasee, kuna kitu kimenichosha. Kila video yangu ikifanya vizuri, lazima mtu aje na ile hadithi: "Si mnaona? Huyu aliacha chuo na ameomoka. Masomo ni bure tu." Halafu wengine wanapiga makofi.

Kwanza, sijaomoka. Mwezi huu nimelipwa, mwezi ujao nakula kwa deni pale kioski. Pili, na hii ndiyo sababu naandika, sikuacha chuo kwa sababu masomo yalikuwa upuzi. Niliacha mwaka wa pili kwa sababu karo iliisha. Basi. Ukinitumia kama ushahidi kwamba chuo hakina maana, unaniweka kwa timu ambayo sikujiunga nayo.

Leo nataka tuongee kuhusu aina ya masomo ambayo sisi wa huku tunaambiwa si yetu. Historia, falsafa, fasihi, sosholojia, elimu ya dini. Wenyewe wanayaita masomo huria: unajifunza kufikiri kwa upana kwanza, kazi utachagua baadaye. Marekani kuna vyuo vidogo vizima vya aina hiyo, madarasa ya watu wachache, na wazazi wenye pesa wanalipa hela ndefu watoto wao wakakae humo miaka minne. Hapa Turkana ukimwambia mjomba wako unataka kusomea falsafa, atakuuliza kama falsafa inachimba kisima.

Na najua tofauti ya darasa dogo na darasa kubwa, kwa sababu nimekaa kwa yote mawili. Chuo nilichosomea, sitakitaja, kilikuwa kikubwa na mbali na nyumbani. Masomo mengi tulikuwa mamia ndani ya ukumbi mmoja. Ukichelewa unasimama dirishani, unapiga ubao picha na simu, unaenda zako. Lekchara hakujui, na wewe humjui zaidi ya sauti inayotoka kwa spika. Mtihani ni kutapika noti.

Lakini kulikuwa na somo moja la historia ambalo watu walilikimbia, tukabaki kumi na wanne. Hapo hakuna kujificha. Kama hujasoma, inajulikana dakika tano za kwanza. Ukisema wakoloni walituletea maendeleo, kuna dada amekaa mbele yako atakuuliza: maendeleo gani, ya nani, na ushahidi uko wapi? Unatoa jasho. Insha inarudi na wino mwekundu, na pembeni neno moja linajirudia: "Umejuaje?" Ndilo neno ninalolitumia hadi leo. Kabla sijaposti kitu, najiuliza: umejuaje? Hakuna video ya dakika moja iliyonifundisha hivyo. Ilitaka muda, watu wachache, na mwalimu anayejua jina langu.

Mtasema hiyo ni anasa ya watu walioshiba. Sawa, twendeni Kakuma.

Kambi ya Kakuma ilianza 1992. Mwaka wa 2010 Wajesuti walianzisha hapo mpango wa elimu ya juu, na ndani yake kulikuwa na diploma ya miaka mitatu. Diploma ya nini? Ya masomo huria. Cheti kilitoka Chuo Kikuu cha Regis, kule Denver, Marekani. Wahadhiri walifundisha kwa intaneti wakiwa mbali, wanafunzi wako kambini, kwenye vumbi na jua lile mnalolijua. Kundi la kwanza lilihitimu 2013.

Hebu fikiria hilo darasa. Kakuma kuna watu wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia. Wengine nchi zao zilipigana, wengine makabila yao bado yanapigana. Sasa waweke wachache mezani, uwaulize: haki ni nini? Mtu mwema ni nani? Hayo si maswali ya mtihani tena. Kila mtu ana jirani aliyemzika.

Na kumbuka, ufundi ulikuwepo. Don Bosco wanafundisha ufundi pale Kakuma, na ni kazi ya maana sana, fundi mzuri halali njaa. Lakini kuna mtu aliona kwamba cherehani na mashine ya kuchomelea havimtoshi binadamu. Mkimbizi ana watu wengi wa kumhesabu, kumpiga picha na kumpa kadi. Wa kumuuliza "wewe unafikiri nini?" ni wachache. Darasa dogo linafanya kazi hiyo, na lilifanyika hapa hapa kwetu, si kwenye filamu.

Turudi Lodwar. Mwaka wa 1959 wakoloni walimleta Jomo Kenyatta hapa baada ya kifungo chake cha Lokitaung. Nyumba aliyokaa mnaijua. Huyo mzee alikuwa amesomea nini? Anthropolojia, London, mwalimu wake akiwa Malinowski, na utafiti wake kuhusu Wagikuyu ukawa kitabu, Facing Mount Kenya, 1938. Zamani kidogo aliwahi kuwa msomaji wa mita za maji Nairobi. Hakuna aliyemfunga kwa kusoma mita. Sisemi alikuwa malaika, mambo ya ardhi baada ya uhuru mnayajua. Nasema tu kwamba serikali inayotawala kwa nguvu haiogopi mtu mwenye kazi. Inaogopa mtu mwenye maswali.

Sasa angalia Turkana yetu imejaa maswali kiasi gani. 2012 wakapata mafuta pale Ngamia 1, sote tukaambiwa tumeomoka. 2013 wakatangaza maji mengi chini ya ardhi kule Lotikipi, tukaimba. Baadaye vipimo vikaonyesha kuna chumvi nyingi mno. Mhandisi anaweza kuchimba. Mtaalamu wa maji anaweza kupima. Lakini nani atauliza ardhi ni ya nani, mkataba unasemaje, malisho yataenda wapi, na mbona habari njema inatangazwa kabla vipimo havijakamilika? Hayo ni maswali ya historia, sheria, siasa na maadili. Usipokuwa na watu wako wa kuyauliza, utaulizwa wewe utie sahihi.

Na hii ndiyo inaniuma kabisa. Mwaka wa 1984, Nariokotome, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha mfupa, ndipo ukapatikana ule mwili tunaouita Turkana Boy, wa miaka karibu milioni moja na nusu. Kimeu hakuwa amepitia chuo kikuu, na jicho lake lilishinda la maprofesa wengi. Leo pale Turkwel, safari fupi kutoka Lodwar, kuna kituo cha Turkana Basin Institute, na wanafunzi wanatoka ng'ambo wanakuja kusoma muhula mzima kuhusu asili ya binadamu. Wanavuka bahari kuja kusoma historia yetu, kwenye mchanga wetu. Kisha kijana wa Kerio akisema anataka kusoma historia, anaambiwa haina soko. Soko la nani?

Najua jibu lenu, na ni jibu la haki. Mzazi ameuza mbuzi. Ule ukame wa 2020 hadi 2023 ulimaliza mifugo ya watu wengi, na waliobaki na mbuzi kumi hawawezi kuuza sita ili mtoto arudi na mawazo mazuri na mfuko mtupu. Sitamdanganya mama yeyote kwamba falsafa inalipa kodi ya nyumba. Kama una nafasi moja tu na familia inakungoja, chukua uuguzi, chukua ualimu, chukua umeme. Hakuna aibu.

Lakini hapo ndipo naomba tuwe wakali. Kwa nini ni lazima iwe hili au lile? Muuguzi anaketi na mama anayelia mtoto wake, kwani hahitaji maadili? Mwalimu wa hesabu hahitaji kujua historia ya watoto anaowafundisha? Tuna chuo kidogo hapa Lodwar, Turkana University College, na udogo wake tunauona kama aibu, tunatamani kingekuwa kama vya Nairobi. Mimi nauona udogo kama mali. Chuo kidogo kinaweza kufanya kile ambacho ukumbi wa watu mamia hauwezi: kila mwanafunzi, wa kozi yoyote, akae mezani na wenzake kumi na watano, asome kitabu kimoja kizima, na aulizwe umejuaje. Hakihitaji maabara ya mamilioni. Kinahitaji viti, vitabu na lekchara asiye na haraka.

Wakati wa basari, tunauliza tu nani amepata na nani amekosa. Tuulize pia wanasoma vipi wakifika huko. Na ukiwa tayari uko ndani, komredi, tumia bahati yako. Kaa mbele. Bisha kwa heshima. Soma kile ambacho hakiko kwa mtihani. Kuna watu tungelipia hiyo nafasi kwa chochote.

Na wewe uliye nje kama mimi, wazee wetu hawakungoja ukumbi. Walikaa chini ya mti, kila mmoja akasema lake, akapingwa, akajibu, jua likazama. Tafuteni watu wanane, Jumamosi jioni, makala moja au sura moja ya kitabu, simu mfukoni. Haitakupa cheti. Lakini siku mtu atakapokuja na karatasi ya kutia sahihi, kutakuwa na watu wanane wa kumuuliza: umejuaje?