Mwanamke Haendi Zahanati Peke Yake

Ndugu wanachama, leo naandika juu ya jambo ambalo wanaume wengi hawapendi kulisoma mbele ya watu, nalo ni saratani ya mlango wa kizazi. Tukitaka tusitake ni jambo letu sote, maana yawaua mama zetu. Hapa Tanzania hakuna saratani nyingine iwauayo wanawake wengi kuliko hii. Kwa hesabu za mwaka 2020 wanawake zaidi ya 10,000 walipatwa nayo, na zaidi ya 6,000 wakafa. Duniani kote mwaka 2022 walikufa wanawake kama 350,000, na katika kila mia 94 walikuwa wa nchi maskini na nchi za kipato cha kati. Si kwamba wanawake wa Ulaya wana miili ya chuma. Wao hupimwa mapema, sisi twangoja maumivu.

Na ugonjwa wenyewe hauna haraka. Huletwa na virusi, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hata 20 kabla ya kuwa saratani kamili, ingawa kwa mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI huenda upesi zaidi. Muda wote huo muuguzi aliyefundishwa aweza kuona dalili zake kwa siki. Hupaka siki hafifu, hungoja dakika moja, na penye hitilafu pakageuka peupe. Mara nyingi pahali hapo hutibiwa siku ile ile, kwa baridi kali au kwa joto, na mama akarudi kwake. Siki, ndugu zangu, kitu cha kutia kwenye achari!

Basi mbona hawaendi? Mimi nilidhani najua. Chuo cha ualimu kilinifundisha kwamba mtu akielezwa ataelewa, na akielewa atatenda. Zahanati ya kata yetu ilipoletewa wauguzi wa kupima kwa siku mbili, bila malipo, nilichukua kipaza sauti nikasimama gulioni. Nikaeleza kila kitu. Nikasema pia kwamba virusi hivyo huambukizwa kwa kujamiiana. Watu walinisikiliza vizuri mno, nami nikarudi ofisini nikijisifu. Siku ya kupima hawakufika hata kumi, na wengi wao walikuwa walimu na wake wa watumishi wageni.

Bibi mmoja, kungwi wa siku nyingi, aliniita barazani kwake. Hakunigombeza. "Mwanangu," alisema, "umetangaza mbele ya wanaume kwamba ugonjwa huu hutoka kitandani. Sasa nani atapanga foleni pale nje, mumewe asimwulize alikuwa kitandani kwa nani?"

Nilinyamaza, maana sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesema kweli nusu. Nusu niliyoiacha ni kwamba karibu kila mtu, mke kwa mume, hupata virusi hivyo wakati fulani wa maisha yake. Kwamba mwanamume huvibeba asijue. Na kwamba mwanamke aliyemjua mume mmoja tu aweza kuvipata kwa huyo huyo mume. Kumwita mgonjwa malaya ni ujinga, tena ni dhuluma. Lakini hayo yangesemwa kwa waume kwanza, nami niliyameza.

Bibi aliendelea kunifungua macho. Yuko mwanamke asiye na senti ya nauli mpaka aiombe, na akiomba huulizwa, "Kwani unaumwa nini?" Naye haumwi; kipimo hiki ni cha mtu asiyeumwa! Hapo ndipo maneno yote ya daktari hukwama. Yuko aogopaye kuvuliwa nguo mbele ya kijana wa kiume. Yuko aliyepata kutukanwa na muuguzi wakati wa uchungu wa kuzaa, na ameapa harudi. Yuko aliyesikia kisimani kwamba kile chombo hutoa kizazi. Uvumi huo huo hufuata chanjo ya wasichana, iliyoanza nchi nzima mwaka 2018 na ambayo tangu mwaka 2024 ni dozi moja tu kwa wa miaka 9 hata 14. Siku hizi kipo pia kipimo ambacho mwanamke hujichukulia mwenyewe kwa kijiti cha pamba. Ni chema, kitaondoa haya. Nauli hakitaiondoa, wala swali la mume.

Wazee wetu waliyajua mambo haya kuliko sisi wenye vyeti. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipotakiwa awaingize akina mama katika TANU, alivifuata vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam, akazungumza na viongozi wao, nao wakaja na watu wao.

Wauguzi waliporudi mara ya pili sikusema neno gulioni. Bibi aliwapeleka wake wa wanawe wawili, pamoja na kikundi chao cha kuweka akiba. Walitoka wakakaa chini ya mwembe wakiwasimulia wenzao: chombo ni baridi, haya ipo, lakini ni kitambo kidogo tu, na mpimaji ni mwanamke. Alasiri foleni ilipita lango la zahanati.

Hata hivyo sikuandika makala hii kujisifu tena. Siku hiyo wanawake wawili waliambiwa waende hospitali ya wilaya. Mmoja alikwenda. Wa pili, mumewe alikuwa baharini kuvua, na mama mkwe akasema angoje ruhusa. Mume aliporudi alisema wangoje mavuno. Alipofikishwa Ocean Road ugonjwa ulikuwa umekwisha enea. Mume huyo ni mwanachama wetu, hakosi mkutano, na nauli ya mkutano hajapata kuikosa. Simtaji kwa kumchukia. Hakuna aliyemweleza, nami niliyekuwa na kipaza sauti ndiye wa kwanza wa kulaumiwa.

Kwa hiyo nayaomba matawi: kila balozi wa shina aketi na waume wa nyumba zake jioni, awaambie kwamba kipimo ni cha mwanamke mzima wa miaka 30 hata 49, na kwamba mwenye virusi vya UKIMWI huanza miaka 25. Akina mama waachiwe makungwi na viongozi wa vikundi vyao. Zahanati nazo ziombwe mpimaji mwanamke, na mwenye ulimi mkali awekwe kazi nyingine siku hiyo. Tawi lichange nauli ya watakaotumwa wilayani, iwe mkononi kabla ya siku ya kupima. Na yote haya yaanze kabla ya masika, maana barabara ikikatika wauguzi hawafiki.