Kila Kitu ni Bekapu

Hapa Salama, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, jenereta ni bekapu, seva ya pili ni bekapu, na flashi iliyo mfukoni mwa karani ni bekapu. Mimi hutengeneza mitambo ya vyama vya akiba na maduka, na ugomvi mwingi na wateja huanzia kwenye neno hilo.

"Tuna bekapu, hatuwezi kusimama." Nenda katazame malori yanayolala hapa. Tairi za nyuma zimefungwa mbili mbili. Moja ikipasuka, ya pili hubeba mzigo na dereva akajikokota hadi Sultan Hamud. Hiyo ndiyo klasta, yaani seva zinazobeba kazi pamoja. Spea iliyoning'inia chini ya bodi itakufikisha pia, lakini kwanza usimame, utoe jeki, ulaani kidogo. Hiyo ndiyo nakala ya data. Lori likipinduka lote, tajiri hutuma lingine kutoka Mombasa lije kupakia mzigo upya, na huko ndiko kujikwamua baada ya maafa. Ukinunua spea ukitarajia kutosimama njiani, usimlaumu muuzaji.

"Seva mbili zinatosha, ya tatu ni kutupa pesa." Hapa sikubali hata kidogo. Seva za klasta hujuliana hali kila mara, kwa ishara ambazo mafundi huziita mapigo ya moyo. Waya unaoziunganisha ukikatika, kila moja hudhani nyingine imekufa, nayo hujitawaza. Mwanachama mwenye shilingi 8,000 anatoa 6,000 dirishani kupitia seva ya kwanza. Dakika hiyo hiyo mkewe, aliyebaki na simu nyumbani, anatoa 5,000 kupitia ya pili. Zimetoka 11,000, na kila seva inaapa kuwa hesabu zake ziko sawa.

Dawa yake ni mpiga kura wa tatu, hata kikompyuta kisichohifadhi data yoyote. Idadi inayotosha kuamua ina neno lake la Kiswahili tayari: akidi. Ila isiwe akidi ya Bunge! Katiba yetu inaridhika na wabunge 50 katika Bunge la Taifa lenye wabunge 349, kwa hiyo kihesabu makundi mawili yangeweza kuketi kumbi mbili, kila moja likiwa na akidi yake. Akidi ya klasta sharti ipite nusu, maana kambi mbili haziwezi kupita nusu kwa pamoja. Seva iliyoachwa peke yake hunyamaza, hata kama ni nzima.

"Jenereta ipo." Zilikuwepo hata katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta usiku wa 25 Agosti 2023, stima ilipopotea sehemu kubwa ya nchi. Moja ikakataa kuwaka, abiria wakabaki gizani. Swali langu kwa mteja huwa moja tu: mara ya mwisho mlizima stima makusudi lini?

"Basi kituo cha pili kiwe Konza, ni hapo tu." Konza, umbali wa kilomita 60 hivi kutoka Nairobi, ni pazuri kama hofu yako ni moto au mafuriko mjini. Lakini tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru, na nchi nzima ikazimika. (Tumbili mwenyewe alipona.) Tumbili huyo angezima Nairobi na Konza kwa mpigo. Baharini ni vivyo hivyo: 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom, ambazo kwa majina ni njia mbili, zilikatika siku moja karibu na Afrika Kusini, na intaneti yetu ikaanza kutambaa.

"Tumeahidiwa asilimia 99.9." Piga hesabu: hizo ni karibu saa tisa za kuzimika kwa mwaka, na mkataba hausemi kama zitaangukia siku ya mshahara.

Juzi meneja mmoja alinitolea bekapu yake kwa fahari. Diski safi, imebandikwa tarehe, imefungiwa kwenye kabati la chuma. Nikaweka mezani kompyuta tupu, nikamwomba airejeshe data mbele yangu. Akachomeka diski; ikamdai neno la siri. Akakuna kichwa, kisha akanyoosha kidole kuelekea chumba cha seva: neno la siri limehifadhiwa mle.