Uso Kuiva kwa Pombe Si Kichekesho

Hapa Kengeja, kusini mwa Pemba, majirani zetu wengi ni Waislamu na chupa ya pombe haionekani barazani. Hata hivyo, kwa njia ya televisheni na simu, tamthilia za Korea zimeingia majumbani. Humo hakikosi kikao chenye chupa za kijani za soju, na kijana ambaye baada ya vikombe viwili uso umemwiva kama pilipili. Watazamaji hucheka: "Huyu kichwa chake chepesi!" Sisi wauguzi tunaona hapo hakuna la kuchekesha.

Tuelewe kwanza kinachotokea mwilini. Pombe ikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa sumu iitwayo asetaldehidi. Kisha kimeng'enya maalumu huivunja sumu hiyo isidhuru. Lakini kati ya watu wa Asia ya Mashariki, yaani Korea, Japani na Uchina, karibu watu 36 katika kila 100 huiva uso wakinywa, na sababu kubwa ni kurithi kimeng'enya kilicho dhaifu. Sumu hujaa, mishipa midogo ya damu hutanuka, uso huwaka, moyo hwenda mbio, kichwa huuma na kichefuchefu hufuata. Basi wekundu ule si kipimo cha ulevi. Ni mwili unaosema, "Nimeshindwa kuiondoa sumu hii."

Mtu wa namna hiyo akizidi kunywa, hatari yake ya kupata saratani ya umio, yaani njia ya chakula, huwa kubwa kuliko ya wenzake. Wapo wanaomeza vidonge vya mzio au vya kupunguza asidi ya tumbo ili uso usiive. Huko ni kuzima king'ora na kuuacha moto unawaka.

Je, sisi Waafrika? Udhaifu huo wa kurithi ni nadra sana kwetu, na ngozi nyeusi huficha wekundu hata ukiwapo. Ndiyo maana mnywaji wa tembo la mnazi au gongo hujisifu: "Mimi pombe hainiwezi, nitazame usoni!" Kwa maoni yetu, hapo ndipo penye hatari. Mkorea yule ameonywa na uso wake mapema. Huyu wetu hana wa kumwonya, na ini lake linaumia kimyakimya. Saratani ya umio ni tatizo kubwa katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, Tanzania ikiwemo. Visababishi vyake ni vingi, na pombe na tumbaku vimo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka pombe katika orodha ya visababishi vya saratani tangu mwaka 1988. Mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya.

Lipo jambo jingine linalohusu familia zetu. Tangu mwaka 1948 madaktari wamejua dawa iitwayo disulfiram, ambayo hukizuia kimeng'enya kile kwa makusudi. Aliyemeza dawa hiyo akionja pombe, huiva uso na kutapika, hata kama ni Mwafrika. Humsaidia mtu aliyeamua mwenyewe kuacha, chini ya uangalizi wa daktari. Akina mama, tunawasihi: msimtilie mume dawa ya kuacha pombe katika chai kwa siri, iwe hii au unga wa mitaani. Asiyejua alichomeza atakunywa pombe yake kama kawaida, na shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla au moyo ukasimama.

Kwa hiyo tunashauri:

1. Mtoto akiuliza kwa nini yule kijana ameiva uso, mwelezeni kwamba ni sumu, wala si utani.

2. Anayepewa dawa yoyote, hasa metronidazole (Flagyl), amwulize mhudumu wa afya kuhusu pombe kabla ya kunywa.

3. Chakula kikianza kukwama kooni, msingojee. Nendeni hospitali mapema.

4. Anayetaka kuacha pombe baada ya kunywa sana kwa miaka mingi asiache ghafla peke yake, kwani anaweza kupata degedege. Aje tumsaidie, na familia isimcheke.