Hebu Isome Hii CV

Ndugu msomaji, hebu isome hii CV. Amezaliwa 1921 upande wa Tumutumu, Nyeri, mtoto wa mchungaji wa Presbyterian. Akafika Alliance High School, akafukuzwa baada ya mgomo wa wanafunzi. Akaingia jeshi la Mwingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Digrii hana. Meneja wa gazeti kubwa Nairobi anatafuta mhariri wa ukurasa wa maoni. Unadhani atamwita? Si ataiweka kando tu!

Huyo ni Gakaara wa Wanjau. Ukipita Karatina kila siku na hulijui jina hilo, si makosa yako, hukufundishwa.

Gakaara hakungoja kuitwa. Mwaka 1948 alitoa kijitabu cha siasa, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Kiangalie kichwa chake: ni Kiswahili. Mtu wa Nyeri, ambaye lugha ya mama ni Gikuyu, aliandika kwa lugha ambayo mfanyakazi wa kabila lolote angeweza kuisoma, kuhusu vile Mwafrika anavyonyonywa. Akaendelea kuandika na kuchapisha mwenyewe, mpaka Oktoba 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa, wakaja kumchukua. Hakushikwa na bunduki. Alishikwa kwa maandishi.

Kati ya mahali alikofungwa ni Manda, kisiwa cha Lamu ambacho wengi wetu tunakijua kwa magofu ya msikiti wa kale wa Takwa. Huko kizuizini aliandika shajara kwa siri. Ilichapishwa 1983, na 1984 ikashinda tuzo ya Noma, tuzo ya vitabu vya Afrika nzima.

Baada ya kutoka alirudi kwenye kazi ile ile. Pale Karatina akawa na mtambo wake wa kuchapa na jarida lake, Gikuyu na Mumbi. Halafu 1986, wakati wa msako wa Mwakenya, akakamatwa tena, safari hii na serikali yetu wenyewe. Alifariki 2001.

Sasa kwa nini nakuambia haya? Kwa sababu kila wiki naulizwa, "Mbona magazeti hayatoi maoni yetu?" Ni swali la haki. Sisi wenyewe tuliwahi kutuma barua kwa gazeti moja kuhusu vijana wa mtaa wetu waliobebwa usiku. Haikutoka, na hakuna aliyetujibu. Anayekaa kwenye kiti cha mhariri wa maoni ndiye anaamua uchungu wa nani ni habari na wa nani ni kelele. Kwa hivyo tuna haki ya kuuliza: ametoka wapi? Amewahi kupanga foleni kituo cha polisi akimtafuta ndugu yake?

Lakini tusikomee kulalamika. Na wala simfanyi Gakaara malaika. Jarida lake lilikuwa la Wagikuyu, na wengi wetu wa Majengo hatukuwa ndani ya hiyo hesabu. Hiyo nafasi iliyobaki, nani ataijaza kama si sisi?

Najua unaogopa. Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alikufa mikononi mwa polisi baada ya kukamatwa kwa kile alichodaiwa kuandika mtandaoni. Siwezi kukuambia woga wako ni wa bure. Ninachokuomba ni kidogo: andika kile umekiona kwa macho yako. Weka tarehe, weka mahali. Usiongeze chumvi, usitukane mtu. Mpe mwenzako nakala aweke. Ikikataliwa, usiichome.

Shajara ya Manda ilingoja karibu miaka thelathini kabla ya kuchapishwa. Ingekuwa haikuandikwa, leo tungebaki na ripoti za waliomfunga peke yake.