Maskini wa riwaya na tajiri wa Geita

Katika riwaya ya Watoto wa Mama Ntilie ya Emmanuel Mbogo, umaskini unawatoa Zita na Peter shuleni, na vijana wetu wanawatambua mara moja. Ila huku kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita na Kahama, umaskini hupishana na utajiri, na utajiri wenyewe hautulii. Baba akipata mawe yenye dhahabu kwenye duara, yaani shimo la machimbo, mwezi huohuo mtoto ana viatu vipya na marafiki tele. Dhahabu ikikata, mtoto anarudi kuosha mchanga wa dhahabu mwaloni, na marafiki walewale hawamsalimii. Ada ya sekondari za serikali, hadi kidato cha nne, ilifutwa 2016, lakini sare, daftari na chakula cha mchana bado vinawatenga wanafunzi maskini. Waandishi wa Kanda ya Ziwa, tuandikieni kijana aliyeonja hali zote mbili kabla hajamaliza shule.